Chumvi ya Wachina Ndani ya Sombe ya Wakwe

Wiki jana niliwaacha nimesimama mlangoni pa jiko langu, nikitazama kipakiti chekundu kilichopasuliwa na kulazwa juu ya kinu. Kuna waliokuja kula kwangu wiki hii si kwa njaa, bali kwa kutaka kuniuliza: kipakiti tu, Mama Divine, ndicho kikutoe jasho vile? Ndicho. Kaeni vizuri. Na kwa kuwa wengine wameanza kunisoma leo, nitarudi nyuma kidogo, waliokwisha kusikia wanivumilie.

Mimi ni Odette. Nina kibanda cha chakula hapa Kindu, karibu na stesheni ya reli. Wanaokula kwangu ni watu wa pikipiki, makuli wa bandarini na makarani wanaojifanya hawana njaa. Mume wangu amefariki. Mtoto ninaye mmoja, Divine, na siku ninayoisimulia ndiyo siku wakwe walipotoka kijijini Tunda kuleta mali ya ndoa, mbuzi na vitenge.

Mchumba wake ni Exaucé, mwalimu wa kemia. Kijana mpole, mpole mpaka unatamani kumtikisa uone kama ndani kuna kitu. Baba yake, Jacques, alikufa vitani msituni kabla yeye hajazaliwa. Anayesimama mahali pa baba ni kaka mkubwa wa marehemu, Papa Onema.

Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Wakati wa vita Onema alikuwa mkubwa wa kundi la wapiganaji upande wa Kibombo, na mimi nilikuwa mpishi wao. Sikuajiriwa. Walinikuta njiani nikitoka shamba, wakaniambia niweke jembe chini niwafuate. Jina langu hawakuuliza. Waliniita Mupishi, basi.

Divine hakujua. Exaucé hakujua. Onema mwenyewe alipoingia uani kwangu hakunitambua, maana yule binti wa msituni alikuwa mwembamba kama mwiko, na huyu aliyempokea ni mama aliyejaa kiti. Nilimshukuru Mungu kwa unene wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya kioo.

Sasa kipakiti. Ni kile kiungo cheupe chenye punje zinazong'aa, ambacho wengi wetu tunakiita chumvi ya Wachina. Unatia kidogo, mboga ya maskini inaingia ukumbi wa matajiri. Wauzaji wa chakula wenzangu wote wanakitumia. Mimi sijakigusa tangu vita. Wakiniuliza, nasema kinaniumiza kichwa. Uongo mtupu, kichwa changu ni kizima.

Aliyekipasua ni mdogo wangu Claudine, anayeniita yaya, dada mkubwa, aliyekuja kunisaidia kupika kuku na sombe, yale majani ya muhogo.

"Claudine, hii umetia kwa chungu gani?"

"Kwa sombe, yaya."

"Sombe yote?"

"Yote. Haikuwa na utamu. Bokilo, wakwe zako, wametoka mbali hivi, utawapa majani matupu?"

"Iko wapi hiyo sombe?"

"Divine ameshapeleka. Yaya, mbona unakitazama hivyo? Njo viungo tu."

Njo yetu ni ndiyo yenu, lakini kwangu havikuwa viungo tu. Nilichungulia sebuleni kupitia pazia.

Walikuwa wamekaa mkekani, Papa Onema katikati, ndugu zake wawili pembeni, Exaucé nyuma yao na magoti yake yamebanwa kwa adabu. Bakuli la sombe lilikuwa limeshatua mbele yao, mafuta ya mawese yanameremeta juu. Hakuna aliyekuwa ameanza.

Mama wa Exaucé, Béatrice, hakukaa mkekani. Alikuwa amevuta kigoda mlangoni, karibu na viatu vya watu. Tangu wafike hajasema neno ila salamu. Beseni la kunawia lilipopitishwa, alitaka kumsaidia Divine kulishika, na mmoja wa wale ndugu akalivuta taratibu upande wa pili, kama unavyomwondolea mtoto aliyelala kisu bila kumwamsha.

Divine alishaniambia zamani: "Maman, mama ya Exaucé hapana pika. Kwao hakuna muntu anakula kitu ya mukono yake." Nilijifanya nashughulika na moto. Nilijua kwa nini hawali. Nilijua kuliko wao.

Nikaamua moja. Nikapakua kuku, mapaja yote na kifua, nikaingia nikicheka meno nje.

"Papa Onema, anza na kuku, bokilo. Sombe inaweza kungoja."

Akanyoosha mikono yake miwili kunipokea sahani, kwa heshima kabisa, kama mkwe mwema. Na mimi, mpaka leo sijui mwili wangu ulipata wapi amri ile, nikainama, nikaiweka sahani chini mbele yake, nikarudi nyuma bila kumgusa.

Mikono yake ikabaki hewani.

"Samahani, bokilo, mikono yangu iko na mafuta," nikasema.

"Haina neno, mama."

Alisema haina neno, lakini macho yake yalibaki miguuni kwangu, pale niliporudi nyuma. Kisha akaisogeza sahani ya kuku pembeni na kuvuta bakuli la sombe.

"Kuku njo ya sherehe. Sisi watu ya Tunda tunajua muntu kwa sombe yake."

Akamega tonge la wali, akachovya, akatia mdomoni.

Mwacheni atafune. Wakati anatafuna, niwaambie anatafuna nini.

Kule msituni kulikuwa na mzee wa dawa waliyemwita docteur. Kabla ya mapigano aliwanyunyizia vijana maji yake ili risasi zisiwaingie, na dawa ile ilikuwa na masharti. Usile chumvi. Usipokee kitu mkono kwa mkono kutoka kwa mwanamke. Ndiyo maana nilikuwa naweka chakula chini juu ya jani la mgomba, narudi nyuma, ndipo wanakuja kuchukua. Sharti la chumvi halikumsumbua mtu, maana chumvi yenyewe mwaka ule haikuonekana hata kwa dawa ya jicho. Tulikula mboga chapwa mpaka ulimi ukasahau kazi yake.

Siku moja vijana wakarudi na vitu vya duka la mchuuzi aliyekimbia. Sabuni, nyuzi, na vipakiti vyekundu. Vipakiti nilivijua. Mchuuzi yule, kabla ya vita kumfikia, alikuwa akivitembeza sokoni na kupaza sauti: chumvi ya Wachina, chumvi ya Wachina.

Neno hilo lilinitisha. Nikampelekea docteur, nikamwekea chini kama kawaida. Akalowesha kidole, akachovya, akalamba. Akafumba macho. Akalamba tena.

"Hii hapana chumvi," akasema. "Chumvi inauma. Hii inabembeleza ulimi. Tia."

"Lakini muuzaji alikuwa anaita chumvi."

"Muuzaji anaita kila kitu jina ya kuuza. Nimesema tia. Na ya kwangu uzidishe."

Nikatia. Wallahi, sijawahi kupika sombe wakaipenda vile. Walilamba majani ya mgomba. Jacques, baba wa Exaucé, aliniambia kutoka mbali kwamba vita ikiisha nifungue hoteli. Kesho yake wakaenda kupigana karibu na reli, na Jacques akarudishwa amebebwa.

Basi docteur akawa na kazi ya kueleza dawa yake ilikwenda wapi. Akatukusanya. Akanitazama. Nikamtazama. Tulikuwa wawili tu tuliojua kilichokuwa ndani ya sombe, na tulijua pia ni kidole cha nani kilichokilamba kwanza. Akinitaja mimi, anajitaja na yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kidole chake kikapita juu yangu kikaenda kwa mke wa marehemu.

Béatrice alikuwa amekuja kambini jana yake, sombe imeshaliwa, mimba yake inaanza kuonekana, kumletea mumewe samaki wa moshi. Kwa furaha ya kumwona akasahau sharti. Akampa samaki mkononi, mbele ya watu wote. Mikono iligusana.

"Njo huyu," docteur akasema. "Mukono yake njo imevunja dawa."

Walimfukuza siku ileile, hajamaliza kulia. Kichwani pake wakamwekea kifo cha mume wake. Baadaye Onema alimrudisha nyumbani kwa ajili ya mtoto, lakini mkono wake ukabaki umehukumiwa. Exaucé alinyonya kwake, lakini chakula cha kwanza alilishwa na wanawake wengine, na hivyo hivyo mpaka amekuwa mwanaume wa kuoa. Docteur mwenyewe alikufa kwa homa kabla vita haijaisha, na maneno yake yakabaki nyuma yake yamesimama imara kuliko yeye.

Mtaniuliza mimi naamini nini. Naamini risasi haimuulizi mtu amekula nini. Jacques aliuawa na aliyempiga. Lakini kuamini kwangu hakujawahi kumsaidia Béatrice chochote, kwa sababu niliamini nikiwa nimefunga mdomo.

Haya, mzee ametafuna vya kutosha. Turudi.

Papa Onema alimeza. Hakumega tena. Akaweka mkono juu ya goti, akatazama bakuli muda mrefu, mpaka ndugu zake nao wakaacha kula.

"Nani amepika sombe hii?"

"Njo sisi, bokilo," Claudine akadakia kutoka mlangoni, anangoja sifa. "Iko utamu?"

"Iko utamu. Utamu hii naijua. Nilikula mara moja tu, kwa pori. Kesho yake nilizika mudogo yangu."

Akaniinulia macho.

"Mama, weka tena ile sahani chini."

"Sahani gani, bokilo?"

"Ya kuku. Inua, uweke tena, vile uliweka."

Sikuweza kuinua. Miguu yangu ilikuwa imerudi nyuma peke yake, na yeye aliiona.

"Mupishi," akasema.

Jina hilo nilikuwa sijalisikia tangu nitoroke kambini. Lilinikuta palepale lilipokuwa limeniacha.

"Maman?" Divine alikuwa amesimama na jagi la maji. "Anakuita nini?"

"Alinipikia wakati ya vita," Onema akamjibu kwa niaba yangu, bila kunitoa machoni. "Nilikuwa najiuliza, mama yako ni muntu wa wapi, mbona anaweka chakula chini kama tuko bado kwa dawa. Ulitia nini kwa sombe, Mupishi? Leo na siku ile."

Kabla sijapata uongo wa kushika, Claudine alishakimbilia jikoni na kurudi na kile kipakiti. Mdogo wangu ana moyo mzuri, na moyo huo siku moja utatuzika.

"Njo hii tu, bokilo. Wanauza kila pahali. Hapana sumu."

Onema akakipokea, akakigeuza, akakitoa nyuma kwa Exaucé.

"Wewe umesoma. Soma."

Exaucé akakisogeza karibu na dirisha, maandishi ni madogo.

"Glutamate monosodique, baba mukubwa."

"Kwa Kiswahili."

"Ni kitu ya kuleta utamu kwa chakula."

"Nimeuliza iko nini. Sikuuliza inafanya nini."

Nilimwona yule kijana akifurahi kidogo, vile walimu wanavyofurahi wakiulizwa swali lao. Nilitaka kumwambia nyamaza, baba, nyamaza. Lakini ningemwambia kwa sababu gani?

"Kwa kemia ni sel, baba mukubwa. Sel ya sodium. Kuna asidi moja inatoka kwa protini, ukiitia sodium inakuwa sel yake."

"Sel."

"Ndiyo."

"Sel njo chumvi."

"Hapana ile chumvi ya mezani, baba mukubwa. Kwa kemia sel ni jina ya vitu mingi. Hata sabuni ni sel."

"Nimesikia. Sabuni hatukukula."

Mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amenifunga kamba mikono na miguu, kwa adabu zote, na hata hakujua. Alipoona uso wangu ndipo alipoanza kuelewa. Akakiweka kipakiti mkekani kama kimemuunguza.

Onema hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata nafuu.

"Docteur alisema dawa ilivunjwa na mukono. Sote tulikubali. Sasa nasikia ilikuwa chumvi kwa chakula, na mimi mwenyewe nilikula, mudogo yangu alikula. Mupishi, sikiliza vizuri. Kama ulitupa chumvi, wewe njo uliua Jacques, na mutoto ya Jacques hawezi kuoa mutoto yako. Damu haioi damu. Tutafunga vitu yetu tuende. Kama haikuwa chumvi, makosa inabaki pale iko siku zote, na sisi tutakula, tutacheka, tutaoza watoto."

Hakutazama mlangoni aliposema pale iko siku zote. Hakuna aliyetazama. Sote tulijua kigoda kiko wapi.

"Mambo ya kemia sijue," akaendelea. "Wewe njo ulishika chungu. Neno yako njo nitachukua. Chumvi, ao hapana chumvi?"

Mimi nikajaribu mlango wa nyuma.

"Docteur alionja, Papa Onema. Nilimupelekea mimi mwenyewe. Alisema hapana chumvi, nitie."

"Docteur amekufa. Marehemu hatumuulizi. Nauliza wewe."

Claudine akanisogelea, akaninong'oneza huku anajifanya ananikung'uta unga begani.

"Yaya, sema hapana chumvi. Neno moja tu, tumalize. Fikiria Divine."

Namfikiria nani mwingine? Divine alikuwa amelikumbatia jagi kifuani, maji yanamwagikia kitenge kipya, na macho yake yananiomba. Alimpenda yule mwalimu tangu hajaajiriwa na mtu. Mimi nilishona kile kitenge kwa mkono wangu. Na neno lenyewe nilikuwa nalo tayari ulimini, nimelifanyia mazoezi miaka yote: si chumvi, si chumvi, mzee alionja akasema si chumvi. Ningelitoa tu, kama unavyotema kokwa.

Nikafungua mdomo. Na wakati nafungua, nikamtazama Béatrice. Hilo ndilo kosa langu, au ndilo jambo jema pekee nililofanya siku ile, mtaamua wenyewe.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kuume, umefunguka mapajani, kiganja juu.

"Samaki ilikuwa ndogo tu," akasema.

Hakusema na mtu. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyezoea kuitumia mbele ya watu.

"Ilikuwa ndogo. Ningeweza kuiweka chini. Kila asubuhi nauliza Mungu, kwa nini sikuiweka chini?"

"Béatrice, nyamaza," Onema akasema, si kwa ukali, kwa mazoea.

"Nanyamaza, shemeji."

Akafunga kiganja.

Wasomaji wangu, niliumia. Sisemi nilihuzunika, nasema niliumia, hapa chini ya titi. Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba yule mwanamke anajua moyoni kwamba ameonewa. Kwamba anawachukia, anawalaani kimyakimya, anangoja siku yake. Kumbe aliamini. Aliwaamini wote. Kila asubuhi alikuwa anaamka na kumuua mume wake upya kwa kisamaki.

"Njo chumvi," nikasema.

"Yaya," Claudine akasema.

"Njo chumvi, Papa Onema. Muuzaji alikuwa anaiita chumvi, kwa soko, watu wote wanasikia, na mimi nilisikia. Nilijua jina yake. Nikatia kwa sombe, mukakula. Mukono ya huyu mama haikuvunja kitu. Dawa yenu ilikuwa imeshaisha kwa chungu changu kabla yeye hajafika na samaki."

Kama nilisema kweli au nilisema uongo, hata kemia haiwezi kunisaidia. Exaucé alisema ni chumvi na akasema si ile chumvi. Mimi nilichukua nusu iliyomfaa Béatrice.

Jagi lilianguka. Divine hakuliokota. Alinitazama kama mteja aliyekuta nywele kwenye wali, halafu akageuka uso ukutani.

Papa Onema akalisogeza bakuli mbali naye. Kisha akawaambia ndugu zake: "Fungeni. Mbuzi zirudi. Vitenge virudi." Nao wakaanza kukunja, bila kelele, kama watu wanaotoka msibani. Mmoja akatoka nje kufungua mbuzi. Exaucé alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono yake haijui iende wapi.

"Baba mukubwa, ngoja. Nilisema si ile chumvi ya mezani."

"Mutoto, twende."

"Baba mukubwa, nakuomba."

"Twende, nimesema."

Hapo ndipo kigoda kiliposogea.

Béatrice alikuwa amesimama. Akavuka viatu vya watu, akapita mbele ya shemeji yake bila kuinama, akachuchumaa kwenye beseni la kunawia. Akanawa. Alinawa polepole, kiganja, vidole, katikati ya vidole, mpaka yule aliyekuwa anakunja vitenge akasimama kumtazama. Halafu akakaa mkekani. Akamega tonge la wali, akalizamisha kwenye sombe ile ile, akaliinua kwa mkono wa kuume kuelekea kwa mwanawe.

"Exaucé. Kuja ukule."

Kijana alimtazama baba yake mkubwa. Kisha akamtazama mama yake. Sebule nzima ilisikia mbuzi nje.

Akapiga magoti. Akafungua mdomo, mwanaume mzima mwenye ndevu, na mama yake akamlisha kwa mara ya kwanza. Alitafuna huku machozi yanamteremka mpaka kwenye tonge.

"Iko utamu?"

"Iko utamu, maman."

"Njo chumvi," Béatrice akasema, na nusura acheke.

Akajifuta mkono kwenye kitenge chake. Ndipo akainua uso.

"Shemeji Onema, mbuzi zingoje. Kama si mimi niliua bwana yangu, basi mimi njo mama ya bwana-arusi. Na mama ya bwana-arusi hajaongea."

Papa Onema akafungua mdomo. Akatafuta sharti la kumnyamazisha nalo, nilimwona anatafuta, na hakulipata. Akaketi. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona amezeeka.

Moyo wangu ukaruka. Divine naye akageuka kutoka ukutani. Niliona njia imefunguka: huyu mwanamke nimemwokoa, huyu mwanamke ataokoa ndoa ya mwanangu. Nikaanza hata kupanga maneno ya kumshukuru. Nikamsogelea na kutabasamu.

Béatrice hakutabasamu. Alikuwa ananitazama vile nilivyokuwa nimemwona akiutazama mkono wake.

"Nitaanza na wewe, mama ya Divine," akasema. "Umesema ulijua jina ya kile kitu tangu siku ile. Siku ile docteur alinionyesha kidole, niligeuka kutafuta hata muntu moja wa kunisaidia. Sikuona muntu. Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Wote wakanigeukia, na aliyetangulia kugeuka ni mwanangu.

Siku ile nilikuwa nimesimama karibu naye. Karibu kabisa, ningeweza kumshika mkono.